Kiburi na Unyenyekevu wa Kiongozi

Sehemu za kusoma kabla ya somo: 1 Wafalme 12:1–20, Luka 18:9–14, Marko 10:35–45, Yohana 13:1–17.

Mhariri ameniomba niandike somo la Biblia kwa ajili ya vijana wanaochaguliwa kuwa viranja mwaka huu. Nilikubali upesi, kisha nikakaa majuma matatu bila kuandika hata mstari mmoja. Sababu yake mtaijua kabla ya kumaliza kusoma.

Nakaa Nengo, mtaa mmoja wa mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nchi ya Rwanda. Kazi ya kupitisha mizigo forodhani ndiyo iliyonileta, maana mji wa Goma wa Kongo uko jirani kabisa, na mpaka hupita katikati ya miji hii miwili. Kila Alhamisi jioni vijana wachache huja nyumbani kwangu tusome Neno la Mungu, kwa Kinyarwanda na Kiswahili pamoja. Jambo tulilojifunza kwa muda mrefu kuliko yote ni hili la kiburi na unyenyekevu, nami nawaletea yale tuliyoyaona.

1. Kiburi ni nini?

Ukiwauliza watu kiburi ni nini, wengi watakujibu kwamba ni kutembea kwa maringo, kujibu watu kwa dharau, au kukataa kusalimia. Hizo ni dalili tu, na dalili zaweza kufichwa. Mtu aweza kuwa na sauti ya upole, akainama anaposalimu, na moyoni amejaa kiburi tele. Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa kiranja wa bweni. Nilisifiwa kuwa kijana mtulivu. Siku moja fedha za timu yetu ya mpira, shilingi 40, nilizokabidhiwa mimi nizitunze, hazikuonekana. Nikatafuta kitandani na sandukuni, nisizione. Kitanda cha jirani kilikuwa cha mtoto wa kidato cha kwanza, mgeni shuleni, ambaye nguo zake zilikuwa chache na viatu hakuwa navyo. Sikumwona akichukua kitu chochote. Hata hivyo nilimtaja yeye kwa mwalimu wa zamu. Akalia akikana, wala hakusadikiwa. Akapewa adhabu ya kulima shamba la shule na kuchanja kuni za jikoni kwa majuma mawili, na tangu hapo wenzake wakamwita mwizi.

Siku ya tisa nilifungua kitabu changu cha ramani, na noti zile zikaanguka sakafuni. Ni mimi niliyeziweka humo. Basi, nilifanya nini? Nilizipeleka kwa nahodha wa timu, nikasema zimepatikana, na aliponiuliza wapi, nikajibu, “Bwenini.” Jibu hilo lilikuwa la kweli, na tena lilikuwa uongo mkubwa. Yule mtoto akamaliza siku zake tano zilizobaki shambani. Jioni nilimpa mkate, nami nikajiambia kwamba nimetengeneza mambo.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia kwamba si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya cheo: kiranja akionekana amekosa, wadogo hawatamtii tena. Hapa ndipo nilipokuja kujifunza, baada ya miaka mingi, maana ya kiburi. Kiburi ni kuilinda nafasi yangu wakati mwingine ndiye anayelipa gharama. Unyenyekevu ni kukubali kulipa mimi, ili mwingine asilipe kwa ajili yangu. Kila tunaposoma habari za viongozi, katika Biblia au katika nchi zetu, tuulize swali hili moja: Gharama ya cheo hiki, nani anailipa?

2. Mfalme Rehoboamu

Tulitazame swali hilo katika 1 Wafalme 12. Sulemani amekufa, na mwanawe Rehoboamu yuko tayari kutawazwa. Watu wanamwendea na ombi moja: baba yake aliwatwika kazi nzito, naye awapunguzie mzigo, nao watamtumikia. Rehoboamu anaomba siku tatu za kufikiri. Hilo lilikuwa jambo jema. Anawauliza wazee waliomshauri baba yake, nao wanamwambia kwamba akikubali kuwa mtumishi wa watu hawa kwa siku hiyo moja, watakuwa watumishi wake sikuzote. Kisha anawauliza vijana aliokua pamoja nao, nao wanamwambia aongeze mzigo, na awaonyeshe kwamba yeye ni mkali kuliko baba yake.

Angalieni vema, ndugu zangu. Watu hawakumnyima kiti cha enzi. Walimwomba mzigo wao upunguzwe tu. Lakini yeye aliona kwamba kukubali ombi ni kushuka. Akafuata shauri la vijana wenzake, na makabila kumi yakamwacha. Alitaka kuilinda nafasi yake, akaipoteza sehemu kubwa. Wahenga wetu walisema mpanda ngazi hushuka. Rehoboamu alianguka akiwa ndiyo kwanza amekanyaga kipandio cha kwanza.

Tena tuone jambo la pili. Shauri baya lilitoka kwa rafiki zake. Kiranja mpya, jihadhari na wale wanaokuambia kila siku, “Usikubali, watakuona mnyonge.” Hao hawatalipa chochote utakapoharibikiwa.

3. Gahini na habari za Uamsho

Sasa tutoke katika Biblia tuje katika nchi hii ninayokaa. Upande wa mashariki wa Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi, pana mahali panapoitwa Gahini. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana walianzisha hospitali huko. Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika mwaka 1928. Kazi ilikuwa nyingi, njaa ilikuwa kali, na moyo wake ulichoka. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Mkristo Mganda jina lake Simeoni Nsibambi. Mzungu aliyesoma chuo kikuu aliketi na Mwafrika, wakafungua Biblia pamoja, kila mmoja akikiri kwamba ana haja. Siku hizi twaweza kuona jambo hilo kuwa dogo. Katika ukoloni wa siku zile halikuwa dogo.

Huko Gahini alikuwako Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali. Palikuwa na manung'uniko mengi kati ya wafanyakazi na wakubwa wao. Mwaka 1931 Kinuka naye alikwenda kwa Nsibambi, akamweleza matatizo ya hospitali. Nsibambi hakukaa kuzungumza makosa ya wengine, bali alimgeuzia neno: na moyo wako wewe je? Kinuka alirudi mtu mwingine. Katika miaka iliyofuata, Gahini ikawa mahali ambapo watu walikiri makosa yao waziwazi, Waafrika kwa Wazungu na Wazungu kwa Waafrika, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaombana msamaha. Moto huo ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na hata ng'ambo ya hapo. Watu wa Uamsho waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Nawaomba mtazame mahali Uamsho huo ulipoanza kuuma. Kila mmoja aliacha kuhesabu deni la mwenzake, akaanza kuhesabu deni lake. Mkubwa wa hospitali akiri kosa lake mbele ya mfagiaji. Je, cheo chake hakikushuka? Ndugu, hospitali haikufungwa, na kazi iliendelea. Kilichoshuka ni ule ukuta uliokuwa kati yao.

4. Gisenyi, mwaka 1994

Lakini hapa hatuna budi kusema kweli yote. Nchi hiyo hiyo iliyoanza Uamsho iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Katika siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekimbilia makanisani. Wapo viongozi wa Kanisa waliohukumiwa mahakamani kwa ajili ya mambo hayo. Vijana wangu wa Alhamisi huniuliza: Uamsho ulikwenda wapi? Siwezi kuwajibu yote. Naweza kusema hili tu: unyenyekevu haurithiwi, wala hauwekwi akiba. Baba aliyekiri makosa yake hakumkirii mwanawe. Na kiburi kina namna nyingine iliyo mbaya kuliko ile ya mtu mmoja, nayo ni kiburi cha kundi, watu wanapofundishwa kwamba wao ni bora kwa kuzaliwa, na kwamba majirani zao si watu kamili. Mtu asiyejivuna hata kidogo kwa ajili ya nafsi yake aweza kujivuna vibaya sana kwa ajili ya kundi lake, tena akajiona anatenda wema.

Hata hivyo, katika mji huu wa Gisenyi alikuwako mwanamke mmoja, Félicité Niyitegeka. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliojitoa maisha yao kwa utume wa Kanisa Katoliki, naye alisimamia Kituo cha Mtakatifu Petro hapa mjini. Kwa hesabu ya siku zile alikuwa Mhutu; wauaji hawakumtafuta yeye. Mauaji yalipoanza aliwapokea waliokimbia, akawaficha, akawasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Ndugu yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alijua hatari iliyomkabili, akataka kumwokoa. Félicité alimwandikia barua ya kumshukuru, akamweleza kwamba hatawaacha watu 43 waliokuwa chini ya ulinzi wake ili ajiponye mwenyewe. Amechagua kufa pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 walichukuliwa kutoka kituoni, wakapelekwa makaburini, mahali palipoitwa Commune Rouge, naye akauawa pamoja na watu wake. Leo Rwanda humhesabu miongoni mwa mashujaa wa taifa, katika daraja liitwalo Imena.

Sasa tuulize lile swali letu. Félicité alikuwa msimamizi. Alikuwa na cheo, alikuwa na ndugu mwenye nguvu, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwake peke yake. Angeweza kusema kwamba kituo kitahitaji msimamizi baada ya vita, kwa hiyo afadhali apone. Watu wengi wenye akili wangelikubali neno hilo. Yeye alikataa kutenganishwa na waliokuwa mikononi mwake, akalipa mwenyewe.

Na msidhani kwamba jambo hili ni la watu wazima tu. Katika jimbo letu hili la magharibi, wilaya ya Ngororero, iko shule ya sekondari ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia madarasani, wanafunzi wakiwa katika masomo ya jioni. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu. Baadhi yao walikufa na wengine wakajeruhiwa. Hao nao wamo katika daraja la Imena. Walikuwa vijana wenye umri kama wenu, wenye madaftari kama yenu.

5. Unyenyekevu wa bandia

Shetani hutengeneza fedha bandia ya kila namna, na unyenyekevu nao una bandia zake. Nimeziona tatu.

Ya kwanza ni ya mdomo. Mtu husema, “Mimi si kitu, mimi ni mdogo tu,” huku akingoja umwambie, “La, wewe ni mkubwa!” Usipomwambia, hukasirika.

Ya pili ni uoga. Mtu huona udhalimu, akanyamaza, akasema kwamba yeye ni mnyenyekevu, hapendi kujionyesha. Félicité hakunyamaza, wala wanafunzi wa Nyange hawakutii kila amri. Unyenyekevu si unyonge. Bwana Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu, na ni yeye yule aliyezipindua meza za wabadili fedha hekaluni.

Ya tatu ni ngumu kuitambua, nayo ni kujivunia unyenyekevu wenyewe. Yule Farisayo wa Luka 18 alimshukuru Mungu kwamba hakuwa kama mtoza ushuru. Nasi tukiisoma habari hiyo twaweza kumshukuru Mungu kwamba sisi si kama Farisayo, tukawa tumeanguka katika shimo lile lile. Hapa Rwanda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kwa umuganda, yaani kazi ya pamoja, na mkubwa hushika jembe pamoja na mdogo. Ni desturi nzuri sana. Lakini siku moja nilijikuta nalima kwa bidii maana mtu alikuwa akipiga picha, na picha ilipokwisha nikaona jembe limekuwa zito. Nilicheka peke yangu, nikaona aibu.

6. Mambo manne kwa kiranja

Kwa hiyo, ewe uliyechaguliwa mwaka huu, nakuachia mambo manne.

Kwanza, usimtaje mtu kwa jambo usiloliona wala kulichunguza. Jina la mtoto likichafuka, sabuni ya kulisafisha ni adimu.

Pili, ukikosa mbele ya watu, kiri mbele ya watu hao hao. Ukimwadhibu mtu hadharani kwa kosa lisilo lake, kisha ukamwomba radhi kando, umemrudishia nusu tu ya ulichomnyang'anya.

Tatu, fanya kazi moja ya chini ambayo hakuna anayeiona. Deki choo siku ambayo si zamu yako. Usimwambie mtu. Bwana wetu katika Yohana 13 alishika kazi ya mtumwa bila kusahau yeye ni nani. Alijua ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu, kwa hiyo beseni la maji halikumwogopesha. Mwenye hofu ya kushushwa ndiye asiyeweza kuinama.

Nne, tafuta rafiki mmoja atakayekuambia kweli, nawe usimlipize kisasi akikuambia.

Naahidi jambo moja kwa uzoefu: ule utii niliouogopea, nikidhani utapotea nikikiri, hautokani na kuonekana bila kosa. Wadogo hujua makosa yetu yote. Wao hungoja tu kuona kama sisi wenyewe twayajua.

7. Deni langu

Sasa narudi kwa yule mtoto wa kidato cha kwanza. Muhula ulipokwisha alikwenda kwao, na muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sikuuliza kwa nini. Niliogopa jibu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifundisha vijana wangu hapa Nengo habari za Gahini, msichana mmoja aliniuliza kwa unyofu, “Nawe, mwalimu, ulimwomba nani msamaha?” Nilinyamaza. Usiku huo sikulala.

Nimemtafuta kwa barua na kwa kuwauliza wale tuliosoma pamoja. Wengine humkumbuka, lakini humkumbuka kwa lile jina baya, nami kila mmoja nimemwambia kweli. Yeye mwenyewe sijampata. Gazeti hili husomwa na wanafunzi wa zamani katika nchi nyingi, na wengi waliokuwa bwenini siku zile wangali hai. Kwa hiyo nasema hapa, mbele ya wale wale waliosikia: yule mtoto hakuiba. Fedha zilikuwa katika kitabu changu, niliziona siku ya tisa, nikanyamaza. Mwizi nilikuwa mimi, maana niliiba jina lake na siku zake tano.

Simtaji, yeye atajijua. Ndugu yangu, ukisoma haya, nakuomba radhi. Sikudai unisamehe, wala huna wajibu wa kuniandikia. Ila ukipenda kuandika, mhariri anajua nilipo, nami nitapanda basi kuja kwako popote ulipo, tuwaite watoto wako, niwaambie mbele yako kwamba baba yao hakuwa mwizi.

Hii ndiyo sababu ya majuma matatu. Mungu awabariki ninyi nyote.

Maswali ya kujifunza

1. Wazee walimpa Rehoboamu shauri gani, na kwa nini aliliona kuwa gumu?
2. Yosiya Kinuka alikwenda Kampala na malalamiko juu ya hospitali. Alirudi na nini?
3. Eleza tofauti kati ya unyenyekevu na uoga kwa kutumia habari za Félicité Niyitegeka au za wanafunzi wa Nyange.
4. Je, kuna mtu anayelipa gharama ya nafasi yako wewe? Swali hili usilijibu darasani. Lijibu kwa kumwendea.